Maji Yashuke Bila Kelele

Pindua dumu la lita 20 lililojaa maji, kisha ulisikilize. Halimwagi, linakohoa. Maji yanataka kutoka, hewa inataka kuingia, na mdomo ni mmoja, kwa hiyo vinapokezana kwa fujo, funda la maji, funda la hewa. Lilaze kidogo ili hewa ipate njia yake, na maji yaleyale yatatoka kimyakimya. Ukishaelewa hapo, umeelewa zaidi ya nusu ya ugomvi wa miaka mingi kati ya wafugaji wa samaki wa baharini na mabomba ya matangi yao.

Ugomvi wenyewe uko sebuleni. Tangi la samaki wa baharini, hasa lenye matumbawe, halikai peke yake. Kabatini chini yake kuna tangi jingine lenye pampu, hita na vyombo vya kuchujia, na wengi huongeza la tatu, yaani refujiamu. Maji huzunguka humo mchana na usiku. Kuyapandisha ni kazi ya pampu, na pampu inanunuliwa dukani. Kuyashusha ni kazi ya fundi. Anayeyashusha vibaya hujulikana kwa njia mbili: usiku kwa kelele, au asubuhi kwa zulia lililolowa.

Refujiamu ni tangi dogo ambamo samaki hawaruhusiwi kuingia. Humo hukuzwa mwani, mara nyingi Chaetomorpha, nyuzi ngumu za kijani zilizosokotana ambazo hazihitaji hata kushika jiwe. Si mwani ule unaolimwa Paje na Jambiani, huko Unguja, na kuanikwa kwa ajili ya kuuzwa nje. Mwani huu hunyonya naitreti na fosfeti zinazotokana na chakula na kinyesi cha samaki. Mwenye tangi akivuna konzi mbili akatupa, uchafu huo umetoka majini na hautarudi. Katikati ya nyuzi huzaliana wadudu wadogo wa jamii ya kamba, ambao kwenye tangi kubwa wangeliwa kabla ya kufikia kutaga. Taa ya refujiamu huwashwa usiku, wakati ile ya tangi kubwa imezimwa, kwa kuwa mwani wenye mwanga hutumia kabonidayoksaidi na kuzuia pH ya maji isishuke sana kabla ya alfajiri. Wazo la kuukabidhi mwani usafi wa tangi lina deni kubwa kwa Walter Adey wa Taasisi ya Smithsonian huko Washington. Kitabu chake na Karen Loveland, Dynamic Aquaria, kilichotoka 1991, bado kina wasomaji miongoni mwa watu wa fani hii.

Wapo wanaoificha refujiamu kabatini. Mimi nawavulia kofia wanaoiweka juu, kimo cha macho, ili maji yake yashukie kwenye tangi kubwa kwa uzito wake yenyewe. Kuna mabishano yasiyokwisha kama pampu huwaua wale wadudu wanapopitia ndani yake. Refujiamu ikiwa juu, mabishano hayo hayakuhusu: wadudu hudondoka wazima mbele ya midomo ya samaki. Lakini sasa umening'iniza lita 60 za maji ya chumvi juu ya taa, nyaya na soketi. Njia ya kushukia ikiziba, maji yatatafuta nyingine, na nyingine hiyo hupita kwenye umeme.

Kazi huanzia kwenye kizingiti, yaani ukingo ambao maji hupita juu yake kuingia kwenye sanduku dogo la ovaflo. Watu hukimbilia kuuliza bomba ni la inchi ngapi. Fundi mzuri huuliza kwanza kizingiti kina urefu gani. Mwaka 1855 James Francis, mhandisi wa mifereji iliyoendesha viwanda vya nguo vya Lowell, Massachusetts, alichapisha vipimo vyake vya maji yanayovuka vizingiti. (Viwanda vya Massachusetts ndivyo vilivyokuwa vikileta Unguja kitambaa cha merikani enzi hizo, kwa hiyo hesabu hii ilishatufika mgongoni kabla ya kutufikia sebuleni.) Kutokana na kanuni yake, pampu ya lita 2000 kwa saa ikipitisha maji juu ya ukingo wa sentimita 60, maji huinuka kama milimita 6 tu juu ya ukingo huo. Ukiufupisha ukingo ukawa sentimita 10, huinuka milimita 21 hivi. Tofauti hiyo inaonekana na inasikika. Utando mwembamba huambaa kioo, ukikusanya mafuta na vumbi vinavyoelea juu ya maji. Mnene huruka mbele na kuanguka kwa kishindo. Ndiyo maana pima maji hutoka kwenye mkoba mapema kuliko msumeno. Kwa utando wa milimita 6, tangi lililoinama milimita chache tu huacha upande mmoja wa kizingiti ukiwa mkavu, na urefu uliolipiwa unakuwa wa bure.

Baada ya kizingiti ndipo bomba linaposhika zamu, na hapa fikra ilipitia hatua ambazo napenda kuzitazama moja moja, maana kila hatua ilitatua shida moja ikazaa nyingine.

Bomba la kawaida lililosimama wima na mdomo wazi hufanya kama lile dumu. Maji huingia na hewa kwa pamoja, na sanduku lote linanguruma. Kisha likaja bomba la Durso, lililobeba jina la Mmarekani aliyelieneza: juu lina tii na elbo inayotazama chini, na juu ya tii kuna kifuniko chenye tundu dogo. Elbo huchukua maji kutoka chini ya uso. Tundu huipa hewa mlango wake. Tundu likiwa dogo mno, bomba hunyonya, hukata, hunyonya tena, na kiwango cha maji sandukuni hupanda na kushuka. Likiwa kubwa mno, hupiga mluzi na kufoka. Katikati kuna mahali panapokubalika, na watu walikaa na drili zao wakipatafuta, wakiongeza tundu uzi kwa uzi. Maji yakiwa machache kulinganisha na bomba, Durso ni kimya kweli. Mafundi wa maghorofa wanaijua siri yake: maji yanayoshuka ndani ya bomba la wima bila kulijaza huambaa ukuta wa bomba na kuiachia hewa katikati, ndiyo sababu bomba la maji machafu la ghorofa hupangwa lisijae zaidi ya robo hadi theluthi. Ongeza maji, na utulivu huo unavunjika.

Njia ya pili ni kuifukuza hewa kabisa. Zamisha mdomo wa bomba, lijae maji kutoka juu hadi chini, na limekuwa sifoni. Nguvu yake ni ya kushangaza kwa kitu kisicho na injini. Kwa kanuni aliyoichapisha Torricelli mwaka 1644, kimo cha sentimita 70 huyapa maji kasi inayokaribia mita 3.7 kwa sekunde, kabla msuguano haujachukua sehemu yake. Bomba jembamba hubeba mzigo wa bomba nene, na halitoi sauti yoyote, kwa kuwa ndani yake hakuna kitu cha kugombana na maji.

Tatizo ni kwamba halilingani na pampu. Likishusha haraka kuliko pampu inavyopandisha, sanduku hukauka na kikohozi kinarudi. Likishusha polepole, maji hupanda, na hayataacha kupanda mpaka yafike sakafuni. Unaweza kulifunga kwa koki hadi viwili hivyo vikaribiane, lakini pampu ya leo siyo ya mwezi ujao. Chokaa na konokono wadogo hujikusanya ndani yake na maji yanapungua. Usawa kamili kati ya vitu viwili vinavyobadilika haupatikani kwa kukaza koki.

Hapo ndipo ninapoona akili ya fani hii. Bomba kimya ni lile lililojaa. Bomba salama ni lile lenye nafasi, linaloweza kupokea maji yasiyotarajiwa. Bomba moja haliwezi kuwa limejaa na tupu kwa wakati mmoja, hivyo kila aliyejaribu kulifanya lake liwe vyote viwili alipata nusu ya kila kimoja. Suluhisho lilikuwa kuacha kulidai bomba moja kazi zote, na kugawa zamu. Katika mtindo unaoitwa Herbie mabomba ni mawili: sifoni iliyokazwa kwa koki, na bomba la dharura lililo juu zaidi. Katika ule wa Mmarekani anayejulikana kwa jina la BeanAnimal, uliosambaa katika muongo wa kwanza wa karne hii, ni matatu, na huo wa matatu ndio ninaouona kuwa umekamilika.

La kwanza ni sifoni yenye koki, nalo hubeba karibu maji yote. La pili liko wazi kwa hewa na hubeba masalio tu, utando mwembamba unaoambaa ukuta wake bila sauti. La tatu liko juu kuliko yote na halibebi kitu. Pampu ikidhoofika, masalio hupungua. Ikisafishwa ikapata nguvu, masalio huongezeka. Kiwango cha maji sandukuni hucheza milimita chache na mambo yanaendelea. Bomba la pili linafanya kazi ambayo mkono wa mtu ungepaswa kuifanya kila siku kwenye koki.

Na lina kijimrija. Kwenye kifuniko cha bomba la pili huchomekwa mrija mwembamba wa hewa, na ncha yake nyingine huning'inizwa ndani ya sanduku, juu kidogo ya kiwango cha kawaida cha maji lakini chini ya mdomo wa bomba la dharura. Tazama kinachotokea konokono akijipenyeza kwenye sifoni na kuiziba. Maji yanapanda. Yanaifunika ncha ya mrija. Bomba la pili, lililokuwa likipumua kupitia hapo, limenyimwa hewa. Linajaa, linageuka sifoni na kubeba mzigo wote. Hakuna kifaa cha kielektroniki, hakuna betri, hakuna kengele. Ni kipande cha mrija kilichokatwa kwa urefu unaotakiwa, na urefu huo ndio amri yenyewe. Likiziba na hilo, la tatu bado linasubiri. Kuna sharti moja lisilo na mjadala: kila bomba, likiwa peke yake, liweze kumeza maji yote ya pampu. Atakayeweka bomba la dharura jembamba kwa sababu eti halitumiki, amejinunulia pambo.

Ukiwasha pampu mara ya kwanza utaona zamu hizo zikigawanywa. Maji yanavuka kizingiti, sanduku linajaa, na mabomba mawili ya kwanza yanaanza kunguruma pamoja, kelele ya kumfanya mgeni aombe pampu izimwe. Kisha maji yanaifikia ncha ya mrija; bomba la pili linavuta kwa nguvu, mapovu yanalipuka chini, na hewa iliyokuwa imenaswa kwenye sifoni inasukumwa nje. Kiwango kinashuka, mrija unaachwa wazi, bomba la pili linarudia upole wake. Yote hayo ni dakika moja hivi. Baada ya hapo kilichobaki ni mngurumo wa pampu, na ndipo mtu anapogundua kwamba pampu nayo ina sauti.

Dakika hiyo haitimii kama sifoni imezamishwa vibaya mwishoni. Ncha yake ya chini inatakiwa iingie kwenye maji kama sentimita 2 tu. Ikiwa ndefu zaidi, hewa iliyo ndani ya bomba hushindwa kuusukuma mzigo wa maji ulio chini yake, na sifoni haianzi. Nani angedhani kwamba bomba linalokataa kuanza juu linaugua chini?

Vifaa vyenyewe ni vya duka la hadwea: mabomba ya PVC, elbo, tii, yunioni, konekta za tangi zenye washa ya mpira. Kinachostahili kuchaguliwa kwa makini ni koki. Ile ya mpini, inayofungwa kwa robo mzunguko, inafaa kufunga na kufungua, lakini kwa kukadiria ni ya kukatisha tamaa, kwa kuwa upana wa unywele kwenye mpini ni lita nyingi kwa saa. Inayotakiwa ni koki ya geti, yenye gurudumu linalozungushwa mara nyingi ili kibati cha ndani kishuke kidogo kidogo. Bei yake ni kubwa, na ndicho kitu pekee katika orodha hii ambacho ningemshauri mtu asitafute cha rahisi. Pia iwe ya plastiki mwili mzima: ya shaba nyekundu au ya njano huachia madini kwenye maji ya chumvi, na shaba huua kamba na matumbawe.

Kutoboa kioo ni hatua inayokausha koo. Kwanza huhakikishwa kwamba kioo si kile kilichopashwa moto na kupozwa ghafla ili kiwe kigumu, maana hicho hakitobolewi. Hupasuka chote kuwa punje. Biti ya almasi huanza ikiwa imelazwa kidogo ili ing'ate ukingo, kisha husimamishwa polepole, huku msaidizi akidondoshea maji mfululizo. Mkono hausukumi. Uzito wa drili unatosha, na kadiri biti inavyokaribia kutokea upande wa pili ndivyo fundi anavyouinua uzito huo, hadi mwisho drili inakaribia kuelea. Wasiojua huongeza nguvu hapohapo, na kioo huachia kigae.

Gundi ya PVC inadharauliwa kwa sababu inaonekana kama gundi. Kwa kweli huyeyusha plastiki za pande zote mbili, zikashikana zikawa kitu kimoja. Kwa hiyo bomba hukatwa sawasawa, makali yake huondolewa kwa tupa, hufutwa, hupakwa. Kisha huingizwa kwa kuzungusha robo na kushikiliwa takriban nusu dakika, maana soketi ina mbano unaolisukuma bomba litoke. Fundi hupachika kila kitu kikavu kwanza, akaweka alama kwa kalamu kila kiungo kielekee wapi, ndipo afungue kopo. Na huweka yunioni pale atakapotaka kufungua miaka mitatu baadaye, siyo pale panapomrahisishia leo.

Sasa refujiamu ya juu. Kwa kawaida hupewa maji machache, mamia ya lita kwa saa, yanayochepuliwa kutoka bomba la pampu. Hapa mtu aliyevutiwa na sifoni hukosea kuiga kila kitu. Sifoni ya maji machache inabidi ikazwe mno, na tundu dogo lililobaki kwenye koki ndilo litakalozibwa na uzi wa kwanza wa mwani uliokatika. Afadhali mtindo wa Durso wenye bomba pana kuliko inavyohitajika, ili maji yaambae ukuta wake, na la pili kavu pembeni, pana vilevile. Kitana mbele ya kizingiti huzuia mashada ya mwani lakini kina nafasi za kuwapitisha wadudu. Meno yake hula sehemu ya urefu wa kizingiti, hivyo hesabu ya Francis hurudiwa kwa urefu uliobaki.

Halafu kuna umeme, na msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa hahitaji kuelezwa kwamba utakatika. Pampu ikisimama, maji ya kila tangi hushuka hadi usawa wa kizingiti na kukoma hapo. Hatari iko kwenye bomba la kupandishia, ambalo hugeuka sifoni na kurudisha maji kabatini mpaka mdomo wake upate hewa. Katika tangi la sentimita 120 kwa 50, mdomo uliozama sentimita 5 chini ya kizingiti utarudisha lita 30 juu ya zile zilizokwisha kushuka. Wengine hutoboa kitundu kwenye bomba hilo ili livute hewa mapema, lakini mwani hauna adabu na vitundu. Dawa ni kuuweka mdomo karibu kabisa na uso wa maji, na kuacha nafasi kabatini. Fundi anayejiheshimu hakabidhi kazi kabla ya kuchomoa waya mbele ya mwenye nyumba, kusubiri maji yatulie, na kuuchomeka tena. Kisha huziba bomba la kwanza makusudi, kwa kiganja au kwa koki, na kuacha maji yaonyeshe yatakakokwenda.

Linalobaki ni mwisho wa bomba la dharura. Mabomba mengine yote huzamishwa ncha ili yasisikike. Hili ncha yake huachwa hewani, sentimita kadhaa juu ya maji, nalo halifungwi kitambaa wala sponji. Siku litakapopata kazi, litamwaga kwa kelele za kusikika hadi chumba cha kulala, na mwenye tangi ataamka kwenda kumtafuta konokono.